Baba anataka mbwa wa kulinda, watoto wanataka wa kucheza naye

Daktari, habari za kazi. Naomba jina langu lisitoke.

Tumehamia Goba mwaka jana, kwenye nyumba yetu wenyewe ambayo bado tunaimalizia kidogo kidogo. Ukuta umekamilika nyuma na pembeni, mbele bado ni mabati na geti la muda. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 9, anamfuata wa kiume wa miaka 6, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na miezi minane, yeye kila kitu anashika na kila kitu kinakwenda mdomoni. Nyumbani kuna dada wa kazi kutoka Tanga, na mama mkwe huja kukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka.

Mwezi uliopita jirani wa nyumba ya tatu alivunjiwa. Walibeba TV, mtungi wa gesi, na hata ndoo zilizokuwa uani. Tangu siku hiyo mume wangu hana habari nyingine ila mbwa. Anataka German Shepherd, na akipata Boerboel ndiyo atafurahi zaidi, kwa sababu rafiki yake wa kazini anaye na anasema mtaa mzima unamheshimu. Halafu shemeji yangu ametuletea habari ya mtu anayehama nchi, anatoa bure Rottweiler dume la miaka minne. Maneno yake ni haya: "Huyo mbwa ni mkali kweli kweli, hata mwenyewe anamwogopa." Mume wangu anaona ni bahati imetuangukia.

Watoto wana lao. Wanataka kambwa keupe kenye manyoya marefu kama wanavyoona kwenye simu, na binti ameshakachagulia jina. Kuna kijana anauza mbwa kando ya barabara ninapopanda gari, anako kamoja kwenye boksi. Anasema ni Maltese wa wiki sita, na bei ni laki tatu na nusu. Nikipita na watoto pale ni vilio mpaka nyumbani.

Mimi nimekulia Moshi, kwetu tulikuwa na mbwa wa kienyeji tu, na sikumbuki kama aliwahi kumng'ata mtu wa nyumbani. Nikimwambia mume wangu hivyo anacheka. Anasema hao ni mbwa wa makombo, mwizi akiwarushia kipande cha nyama kazi imekwisha.

La mwisho, dada wa kazi ameniambia waziwazi kwamba yeye ni Mwislamu, mbwa hatamshika wala hataosha vyombo vyake. Ni binti mzuri, watoto wanampenda, sitaki aondoke kwa sababu ya mbwa.

Naomba uniambie, ni mbegu gani inafaa nyumba yenye watoto kama hawa? Mbwa mmoja anaweza kulinda na pia kukaa na watoto? Na huyo Rottweiler wa bure tumchukue?

Mama wa Watatu, Goba

*

Mama wa Watatu, nianze na la haraka, shemeji asije akamshusha huyo Rottweiler getini kwako kabla hujamaliza kusoma. Mkatae. Mkatae kwa adabu, sema nyumba haijawa tayari, lakini asiingie.

Sina ugomvi na Rottweiler. Wapo waliolelewa na watoto tangu wachanga na wametulia kabisa. Wasiwasi wangu ni juu ya huyu mmoja. Dume la miaka minne limeshakomaa kitabia, na uzito wake unaweza kupita kilo 50, wakati kitinda mimba wako bado ni wa kubebwa mgongoni. Hujaniambia kama amewahi kuishi na mtoto anayejifunza kutembea, na nadhani hujaniambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Sifa pekee mliyopewa ni kwamba anayemlisha anamwogopa. Mimi nikisikia hivyo naandika kwenye faili la mgonjwa, siandiki kwenye tangazo. Kama mtu aliyekaa naye miaka minne hawezi kumwondoa kwenye sahani ya chakula, ninyi mnaokutana naye ukubwani, kwenye nyumba ngeni, mtaanzia wapi?

Sasa wizi, maana ndiko hoja ya baba ilikoanzia, na hoja yake ni ya kweli. Lakini tazama walibeba nini. Mtungi wa gesi na ndoo za uani. Watu wa namna hiyo hupita kwanza wakiangalia nyumba ipi imelala kimya. Mbwa anayewafaa ninyi ni yule anayesikia mabati yakiguswa saa nane usiku akabweka mpaka taa ziwake kwako na kwa jirani. Kazi hiyo haihitaji kilo 50. Haihitaji hata kilo 20.

Kazi ya kumkamata mtu ni nyingine, na mbwa hazaliwi akiijua. Mbwa wa polisi ana askari wake anayemfundisha, anayemtembeza, anayemjua kwa kila pumzi, na bado hafunguliwi ovyo. Sisi mitaani tunachofanya ni kumnunua mbwa mkubwa, kumfungia bandani mchana kutwa, hageuzwi wala hasemeshwi, halafu saa nne usiku tunamfungulia na kuamini kwamba sasa tuna mlinzi. Mbwa wa hivyo hajui nani ni mgeni na nani ni ndugu. Kwake wote ni kelele zinazopita nje ya banda. Mama mkwe anaposhuka kwenye basi la usiku, au mtoto wa jirani anapopenya mabati kufuata mpira wake, mbwa huyo hana namna ya kujua kwamba hao si wezi.

Na hili la kurushiwa nyama, baba ana haki kulitaja, ila ajue German Shepherd naye anakula nyama. Boerboel ndiyo usiseme. Hakuna mbegu inayokataa kipande cha bure usiku kwa kuzaliwa. Kinachosaidia ni mahali mbwa anapolala. Wengi wanamfunga getini, palepale mwizi anapoweza kumfikia kwa mkono. Mlazeni barazani, upande wa mlango wa jikoni. Akiwa huko anasikia yote, na chochote kitakachorushwa kutoka barabarani kitaangukia mbali naye. Mwizi akitaka kumfikia itabidi aingie kwanza, na akiingia ameshabwekewa.

Tuje kwenye mbegu. Ukitaka kuijua mbegu uliza iliumbwa kwa kazi gani, kwa sababu kazi hiyo hubaki kwenye damu hata mbwa akizaliwa Kimara. German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo. Ofisa wa jeshi mmoja wa Ujerumani, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanzisha uzao huu rasmi mwaka 1899. Ni mbwa mwenye akili nyingi na anaifia familia yake. Lakini mchunga kondoo hufanya nini kondoo wakitawanyika? Huwakimbilia, huwazunguka, na mkaidi humdonoa kisiginoni. Sasa weka watoto watatu wanaokimbizana uani wakipiga kelele. Mtoto wa German wa miezi mitano, meno yakimwasha, atawachunga. Hatakuwa na nia mbaya hata chembe, lakini kijana wako wa miaka 6 ataingia ndani na suruali iliyochanika, na mdogo ataangushwa chini kila siku.

Zaidi ya hapo, German ni mbwa wa kazi, na akikosa kazi anajitafutia. Anachimba, anabweka ovyo, anatafuna kandambili na mabomba ya maji. Anahitaji mtu wa kumtembeza na kumfundisha kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka. Mume wako anatoka kazini saa ngapi na anafika Goba saa ngapi, ukiweka na foleni? Hilo ndilo swali la kumuuliza, wala usibishane naye kuhusu uzuri wa mbwa. Ongeza na nyonga. Uzao huu unasumbuliwa sana na ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na wauzaji wengi wa kwetu hawana picha ya eksirei ya mama wala baba.

Boerboel nitampitia haraka. Ni mlinzi wa mashamba ya Afrika Kusini, na anaweza kuzidi hata huyo Rottweiler kwa uzito. Kwa mtu mwenye uzoefu, ukuta mzima na watoto wakubwa, sawa. Kwenu hapana.

Labrador watu huniuliza sana wakitaja watoto, na wana sababu. Alitokea Newfoundland kule Kanada, akiwasaidia wavuvi kuvuta nyavu na kuokota samaki majini, kwa hiyo anashika vitu kwa mdomo laini na anapenda watu kupita kiasi. Angekuwa na watu wanaoshinda nyumbani ningemfikiria. Ila anakula bila breki, joto la Dar linamchosha, na mwaka na nusu wa kwanza anavunja kila kitu kwa furaha tu. Pia ni mbwa ambaye mwizi akimpapasa kichwa huenda akaonyeshwa mlango wa stoo.

Husky usimtaje. Ana koti la theluji ya Siberia, na mimi nawaona kliniki mwezi wa Februari wakihema ulimi ukiwa nje kama tai ya harusi. Pagi na buldogi nao, wale wa pua bapa, hupumua kwa shida hata kivulini.

Sasa nije kwa huyo mtoto wa kwenye boksi, maana hapa ndipo pesa na machozi hupotea. Maltese halisi ni mbwa mdogo mno, akiwa mzima hafiki kilo 4. Mifupa yake ni ya kuvunjika. Mtoto wa mwaka na miezi minane akimbeba na kumwachia kutoka kiunoni, mguu umeondoka. Manyoya yale hayakui mpaka urefu fulani yakasimama, yanataka kitana kila siku, na vumbi jekundu la Goba mnalijua wenyewe. Huyo ni mbwa wa mtu mzima anayeishi ghorofani.

Na hapo tunakubali kwamba ni Maltese. Mweupe na mdogo wanafanana wengi kwenye wiki ya sita. Siku ukipita bila watoto, inama umtazame vizuri. Tumbo limevimba na kukaza wakati mbavu zinahesabika? Hiyo ni minyoo. Mwinue mdomo wa juu kwa kidole: ufizi unatakiwa uwe wa pinki, ukiwa mweupe kama karatasi damu imenyonywa na minyoo au kupe. Angalia chini ya mkia kama manyoya yameganda. Kisha uliza mama yake yuko wapi. Jibu likiwa "yuko kijijini" au "ni wa mzungu mmoja aliyeondoka", endelea na safari. Wiki sita pia ni mapema. Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama na ndugu zake mpaka wiki ya nane, kwa sababu hapo ndipo anapojifunza kwamba kung'ata kunauma: akimbana ndugu yake kwa nguvu, mchezo unakatika. Aliyekosa somo hilo atalijifunzia kwenye vidole vya wanao.

Kibaya kuliko vyote ni parvo. Ni kirusi kinachoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa: anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau, na bila matibabu wengi hufa ndani ya siku chache. Kwenye boksi la barabarani, wanakopita watoto wa mbwa kutoka kila mahali, ndiko kinakosambaa. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo akifia uani kwenu hata mbwa mtakayemleta baadaye yuko hatarini. Watoto watakuwa wameshampa jina na kumlaza kwenye kanga yako. Nimeona baba wa watu akilia kliniki kwa sababu hajui atawaambia nini nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu ni lipi? Ni yule wa Moshi. Mbwa wa kienyeji, au chotara mwenye damu nyingi ya kienyeji, jike, mwenye miezi miwili hivi, anayetoka kwa mama mnayemwona kwa macho yenu.

Najua baba atacheka tena. Mwambie hivi: huyo "mbwa wa makombo" amechujwa na nchi hii kwa vizazi na vizazi. Manyoya mafupi, joto halimsumbui. Umbo la kati, chakula chake si kingi kama cha dume la kigeni, na mara nyingi hana yale magonjwa ya kurithi ya nyonga na pumzi. Na kwenye kubweka usiku hana mpinzani. (Afrika inaye mbwa mmoja maarufu asiyebweka kama wengine, Basenji wa misitu ya Kongo. Huyo msimnunue kwa ulinzi.) Wa kienyeji wengi wanaonekana wakali au waoga kwa sababu wamelelewa kwa mawe na mateke. Mchukue mmoja akiwa mdogo, mlee kwa mikono, umwone.

Lakini sikiliza, siuzi mbegu kwa mbegu. Ndani ya mbegu moja kuna mbwa mpole na kuna mbwa wa kuogopwa, na tofauti hiyo kubwa inatoka kwa mama na kwenye wiki za mwanzo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi. Anachokutana nacho kwa amani kipindi hicho hukichukulia kuwa cha kawaida maisha yake yote: mtoto anayelia, pikipiki, mwamvuli, sauti ya adhana, mtu mwenye kofia. Asichokutana nacho, baadaye hukiogopa, na mbwa wengi wanaong'ata huwa wanaogopa.

Kwa hiyo nendeni kumwona mama mbwa, wewe na mume wako, watoto wabaki nyumbani siku hiyo. Mwenyeji asimfunge. Mama mwenye watoto ana haki ya kusimama na kubweka mnapoingia, hiyo ni kazi yake, lakini mwenye nyumba akimtuliza anatakiwa atulie baada ya dakika chache, aje kuwanusa au ajiondokee. Mama anayebaki ameng'ang'ania kona huku anatetemeka, au anayewarukia mnapogeuka, asanteni, mnakwenda zenu. Kisha chuchumaeni pembeni ya watoto wake. Atakayekuja kwanza kwa fujo na kumpanda kila mwenzie msimchukue, hata baba akisema "huyu ndiye dume". Aliyejificha nyuma ya ndoo msimchukue kwa huruma. Chukueni wa katikati, anayekuja akinusa. Mpapase miguu, masikio, mdomo. Mwinue kidogo: atahangaika halafu atulie. Dondosha funguo chini: ashtuke, kisha arudi kuziangalia. Huyo ndiye.

Nimesema jike kwa sababu madume yasiyohasiwa yana tabia ya kuzurura yakimfuata jike mtaani, na mbele kwenu hakuna ukuta. Jike mtamfunga kizazi kwa daktari, zungumzeni naye wakati mzuri kulingana na ukubwa wake.

Na hapo kwenye ukuta ndipo nina sharti. Pesa za mbwa ziweke kwanza pale mbele. Mbwa yeyote mtakayemchukua leo atapenya chini ya mabati, ataokota kupe na ugomvi, na siku akimfukuza mwendesha bodaboda barabarani mtalipa ninyi. Mkimaliza ukuta baada ya miezi kadhaa, mdogo naye atakuwa amefika miaka miwili na zaidi, anaelewa neno "acha". Kusubiri kunawafaa pande zote.

Watoto nao wana la kujifunza, na ni heri wajifunze kabla mbwa hajaja. Mara nyingi mtoto anapong'atwa, mbwa ni wa nyumbani au wa jirani anayemjua, na wadogo hung'atwa usoni kwa sababu uso wao uko sambamba na mdomo wa mbwa. Mbwa anayekula haguswi. Anayelala haguswi. Mwenye watoto hasogelewi. Hapandwi mgongoni, havutwi mkia, hafuatwi akienda kujificha.

Gumu zaidi ni la kukumbatia, kwa sababu watu wazima ndio wanaolishabikia ili wapige picha. Siku moja tazama picha kama hiyo kwa makini. Mtoto amemzungushia mbwa mikono shingoni, anacheka. Mbwa amegeuza kichwa upande mwingine, masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa, ncha ya ulimi imetoka inalamba pua, na weupe wa jicho unaonekana pembeni kama mwezi mchanga. Mbwa huyo anaomba aachiwe. Asipoachiwa atanguruma. Na akinguruma msimpige, mwondoeni mtoto. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila taarifa.

Kitinda mimba na mbwa wasiachwe peke yao hata dakika moja. Ukienda kugeuza chapati, mmoja kati yao anakwenda nawe.

Kuhusu dada yako wa kazi, yuko sahihi na usimlazimishe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa kwa kazi kama kuwinda au kulinda mifugo na shamba kumeruhusiwa, ndiyo maana Waislamu wengi wanafuga, lakini ndani ya chumba anachosalia na kwenye masufuria anayopikia ni jambo jingine. Basi pangeni hivi: vyombo vya mbwa vikae nje na viwe na bomba lao, mbwa asiingie jikoni wala chumbani kwa dada, na nguo zake za sala zisianikwe kamba ya chini. Anayetaka mbwa ndiye atakayeamka saa kumi na mbili kuzoa kinyesi, yaani baba. Binti wa miaka 9 anaweza kujaza maji na kuweka chakula mtu mzima akiwepo. Lakini msimkabidhi mtoto mbwa mkasema ni wake, kwa sababu wiki ya tatu hamu itapungua na mbwa atashinda na njaa.

Kinyesi nakitaja kwa sababu ya yule anayepeleka kila kitu mdomoni. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, na mtoto anayeula huyameza. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili mpaka afike wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu. Kupe nao, aina inayopenda mbwa hupanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, na tofali zisizopigwa plasta ndiyo nyumba yao. Mkiogesha mbwa kwa dawa mkaacha ukuta, mmefanya nusu ya kazi.

Chanjo za parvo na wenzake huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi mnaitunza pamoja na kadi za kliniki za watoto. Hii ya kichaa haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na takriban 4 kati ya kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, hata wenu, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa, msisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Chakula kisiwatishe. Ugali wa dona na dagaa au utumbo wa kuku uliochemshwa humtosha mbwa wa kienyeji aliyekomaa mara mbili kwa siku, akiwa mdogo mara tatu au nne. Kitunguu, chokoleti na zabibu asipewe, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupeni, huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyotoboa utumbo.

Baba akishasoma yote haya bado akasema ni German au basi, sitamzuia kwa nguvu, ni nyumba yake. Ila masharti yangu ni matano: ukuta mzima, mdogo awe amefika miaka minne, aone mama na baba wa mbwa pamoja na eksirei za nyonga zao, awe na saa moja ya kumtembeza na kumfundisha kila siku ya Mungu, na banda liwe la kulalia, lisiwe la kufungia. Akikubali yote, atafute jike.